Mbuzi wa Bibi Zaituni

Wiki iliyopita, pale Mwembesongo, nilipishana na daktari wa mifugo kijana. Buti zake zilinuka dawa ya kuogeshea ng'ombe, nikamkumbuka baba.

Baba alitibu mifugo milimani miaka mingi, mpaka wenye mifugo wakamchagua kuwa mbunge wao. Tukahamia mjini, Mafiga. Alasiri moja Bibi Zaituni, jirani yetu wa zamani, aliteremka kutoka mlimani na mbuzi wake aliyeshindwa kuzaa. Nje, gari lilikuwa likimngoja baba aende mkutanoni.

"Mwanangu, mtoto amekwama," bibi alimwambia. "Nisaidie."

Baba alikunja mikono ya shati, akanawa bombani kwa sabuni hadi viwikoni, kama zamani. Nilimkimbilia na taulo kwa furaha. Ndipo dereva akapiga honi. Baba alisimama kidogo, maji yakimchuruzika.

"Nisamehe, bibi. Mpeleke ofisi ya mifugo," alisema, akaondoka.

Mbuzi alikufa pale uani, hata vumbi la gari halijatulia. Bibi alikaa chini, akamfunika kwa kanga yake. Nilimwambia kwamba baba amesahau kazi. Niliamini hivyo kabisa, na niliendelea kuamini hivyo kwa miaka mingi.

Mwaka jana, siku chache kabla ya kufariki, baba aliniita kitandani.

"Yule mbuzi wa Bibi Zaituni," alisema, "alikuwa na watoto wangapi tumboni?"

Nilimwambia sijui, maana hakuna aliyeangalia. Baba akageukia ukutani.