Kilichokuwa Ndani ya Kisanduku cha Nne

Siku ya kwanza nilipoingia kazini katika saiba ya Patron, duka la kompyuta la bosi wangu hapa Likasi, nilidhani nimeletwa kwenye duka la redio mbovu. Mezani kulikuwa na skrini nane, na nyuma ya kila skrini kisanduku kisichozidi unene wa kitabu cha nyimbo za kanisani. Mimi nilitoka ofisi ya kiwanda kule Shituru, ambako nilipiga taipu miaka mingi chini ya Mkuu wa Sekretarieti, mwanaume aliyepima pambizo za barua kwa rula. Ofisi ilipofungwa, nilibaki na vidole vyangu tu.

Fundi aliyefunga vyombo alinifundisha kazi kwa asubuhi moja. Visanduku vile ni terminali, alisema: havina diski, yaani havina mahali pa kuhifadhi kitu. Unachoandika kinakwenda kwenye seva, mashine kubwa iliyofungiwa chumba cha nyuma, nayo inarudisha picha kwenye skrini yako. Mashine moja inafikiri kwa niaba ya nane, umeme unatumika kidogo, na hapa kwetu umeme huja unapotaka.

“Mama Odette,” aliniambia, “hii ya nyuma njo moyo. Ikikufa, yote imekufa.”

Wateja hawakuijua seva. Kila mmoja alikuwa na kisanduku chake. Mwalimu mmoja alikuwa akisubiri saa nzima numéro deux, kisanduku cha pili, kiachwe, na vingine viko wazi, kwa sababu kazi yake ilikuwa “mule.” Wiki ya kwanza nilijaribu kuwaeleza, wakanitazama kama mtu anayetaka kuwaibia. Nikachoka, nikaanza kusema kama wao: barua yako iko numéro cinq, kaa pale. Ulikuwa uvivu, sina jina jingine.

Mteja mmoja, Julienne, alichagua numéro quatre, kisanduku cha nne. Mumewe, mvunja mawe wa Kakontwe, alikuwa amefungwa katika gereza la Buluo kwa wizi ambao wenzake watatu walijua hakuufanya. Aliwaleta mmoja mmoja, nikaandika ushahidi wao. Kisha watu hao wakatawanyika kwenye machimbo ya mbali, hata simu zao hazikuita tena. Wakili wa mumewe alitaka maneno hayo ili akate rufaa, na siku ya mwisho ilikuwa Jumatatu. Julienne hakuwa ametoa nakala hata moja; alitaka amalize kwanza barua yake mwenyewe, atoe zote pamoja.

Jumatano ya wiki ya mwisho diski ya seva ikaanza kugonga ndani, ka-ka-ka. Nilimwita Patron.

“Patron, diski iko nakufa. Tuzime, tutafute ingine, tukopie kazi ya bantu.”

“Écran ngapi inawaka?” akauliza, akihesabu skrini kwa kidole.

“Yote munane.”

“Sasa kufa yenyewe iko wapi?”

“Basi nibaambie bantu bafanye imprimer mbele, batoe kazi yabo ku karatasi.”

“Weye Mama, unataka bantu bakimbie? Ukisema neno moja, ubakie ku nyumba yako.”

Patron hakuwa mwizi. Alisali, alifunga, alitoa sadaka. Lakini aliamini anachokiona tu, na mimi namchukia mpaka leo, sifichi.

Ijumaa mchana Julienne akamaliza ukurasa wa mwisho. Mtoto mgongoni alikuwa akilia.

“Mama Odette, nifanye imprimer sasa ao nikuye lundi asubui? Mutoto iko na homa.”

Patron alisimama mlangoni, mikono kifuani. Printa ilikuwa pembeni yangu, na karatasi zimejaa.

“Lundi,” nikasema, Jumatatu ileile ya wakili. “Iko mule numéro quatre. Haiendi fasi yoyote.”

Jumatatu skrini zote nane zilikuwa nyeusi. Fundi aliitoa diski, akaitikisa, akatikisa na kichwa. Julienne hakumtazama. Alikwenda moja kwa moja kwenye kisanduku chake, akakikumbatia.

“Fungula, Mama. Ya bengine imekufa, lakini yangu iko mule. Weye mwenyewe ulisema.”

Nilichukua bisibisi, nikafungua. Ndani mlikuwa na kibao cha kijani sawa na kiganja, basi. Aliingiza kidole, akapapasa pembe zote nne, taratibu, kama anayetafuta sindano.

“Courant njo iliuwa yote,” Patron akamwambia. “Pole, mama.”

Julienne akanigeukia. Nikaitikia kwa kichwa kwamba ni umeme.

Nilifanya kazi pale miaka mingine mitano, mpaka miguu ikakataa. Siku ya kuagwa Patron alisema mbele ya watu kwamba Mama Odette hakuwahi kumfukuza mteja hata mmoja. Watu walipiga makofi. Ninyi vijana mnaoshika kazi hii, wekeni nakala kwenye diski ya pili kila jioni. Fundi yeyote atawaambia hivyo. Hatawaambia kwamba mtu anaweza kujua kazi yake vizuri na bado akainyamazia.

Mumewe Julienne bado yuko Buluo. Jumapili, akitoka kumpelekea chakula, Julienne hupita kwangu, kwa sababu anasema mimi ndiye niliyejitahidi kumtafutia maneno yake mle kisandukuni. Analaani umeme. Kisha anapiga magoti, anaweka mikono yake juu ya miguu yangu inayouma, ananiombea kwa sauti mpaka jasho linamtoka, nami ninaitikia amina.