Sauti ya Jirani Ukutani

Tulikuwa na maikrofoni moja, kompyuta ya kuazima na nyimbo tisa. Mimi nilipiga kinanda, binamu yangu gita, rafiki yetu wa Majengo ngoma, na mwimbaji alikuwa binti wa karani wa bandarini, wazazi wake watu wa bara. Tulirekodia chumbani kwa nyanya yangu, Mji wa Kale, magodoro mawili tumeyaegemeza dirishani kuzuia kelele.

Kelele hazikuzuilika. Mara honi ya tuktuk, mara nyanya mwenyewe kufungua mlango kuuliza nani atakula mahamri. Mara ya kumi na moja tukaupata wimbo mzima bila kosa. Tukaivamia kompyuta kusikiliza.

Kwenye kiitikio binamu yangu akainua mkono. "Nani huyo?"

Kulikuwa na sauti nyingine. Ya mwanamke, nzito kidogo, ikitoka mbali, ikiitikia maneno yetu yote, tena vizuri kuliko tulivyowahi kuitikia sisi.

Alikuwa jirani yetu, mama mtu mzima aliyeshona mabuibui upande wa pili wa ukuta. Wiki mbili za kurudiarudia zilikuwa zimemfundisha wimbo.

Tukashuka ngazi mbio, tukapiga hodi. Alipotuona akashika shavu.

"Niwieni radhi, wanangu. Nimewaharibia?"

"Hukuharibu, mama," nikasema. "Twataka uimbe tena."

Alicheka hadi akajifunika uso kwa leso. "Mimi? Mbele ya vijana wa kiume? Hata!"

"Basi imba ukiwa kwako," mwimbaji wetu akamwambia. "Nitakaa nawe mimi."

Wimbo tuliorekodi tungeupiga kwenye kompyuta, naye angeusikia kupitia ukutani, kama siku zote. Kazi ilikuwa kumfikishia maikrofoni. Nikaifunga kwenye ufagio wa dari, tukayaondoa magodoro, nikajining'iniza dirishani, mpigaji ngoma kanishika kiuno, na mwimbaji kwenye dirisha la jirani kanyoosha mikono. Chini, mchuuzi akitoka Marikiti na mkokoteni wa machungwa akasimama.

"Mwavua nini huko juu?"

Nilicheka nikakaribia kuuangusha ufagio. Mara ya tatu mwimbaji akaidaka maikrofoni.

Mama akaanza, akashikwa na kicheko katikati. Akaanza tena. Sauti yake iliingia mle chumbani ikiwa safi, na mpigaji ngoma akauma mto wa nyanya asipige ukelele. Wimbo ulipokwisha, mama akaita dirishani, "Imetoka, au nirudie?" Sisi tulikuwa tunarukaruka tu.

Jioni mumewe alirudi kutoka kazini Liwatoni, akatukuta bado tunaupiga kwenye kompyuta. Akachungulia kwenye dirisha lake.

"Huyu aitikiaye aijua kazi. Ni nani?"

Nyuma yake mkewe akanitolea macho.

"Ni mtu wa huko huko kwenu, mzee," nikasema.

Akageuka polepole kumtazama mkewe. Nikasikia kicheko chake kikubwa, na mama akisema, "Basi nawe, wacha!" Tuliporekodi wimbo wa pili, aliyeipokea maikrofoni dirishani alikuwa yule mzee.