Chai Ingoje Mbuzi Watoke

Nakumbuka benchi moja la mbao pale Kitengela, mwanangu, nje ya chumba cha daktari. Nilikuwa nimeketi na majibu ya damu mapajani, wewe ukiwa tumboni, na tumbo lenyewe bado halijaanza kuonekana. Niliogopa hata kuigeuza ile karatasi. Leo asubuhi umenitumia picha ya majibu yako, ukaniuliza, "Mum, hii TSH iko juu sana. Si niache dawa ya thairoidi kwanza isidhuru huyu mtoto wa tumboni?" Woga ule ule umenirudia. Nimekupigia na hushiki simu, najua uko kazini. Basi nakuandikia, na nakuomba usiache kidonge hata kimoja kabla hujanisoma hadi mwisho.

Unajua kwamba kabla yako kulikuwa na mimba nyingine, nayo ilitoka. Hujui jinsi nilivyokuwa baada ya hapo. Jua la Kajiado likiwaka, mimi nimevaa sweta. Nywele zilibaki kwenye kitana, usingizi haukuniisha, na nilinenepa huku nikila kidogo. Wengine walisema ni huzuni, nami nikaamini, maana huzuni nilikuwa nayo. Ni daktari aliyenipima damu akaona ni thairoidi, ile tezi ndogo iliyo hapa mbele ya shingo, kwamba imezembea kazini. Akanipa kidonge cha kila asubuhi. Vitamini D nayo ilikuwa chini, kwa hiyo akaongeza vidonge vikubwa vyenye kalsiamu. Nilipopata mimba yako alinionya kwamba mtoto, miezi ile ya mwanzo, hutegemea homoni ya mama yake ili ubongo wake ujengeke vizuri. Toka siku hiyo sikulala vizuri.

Sasa, siku ile ya benchi, TSH ilikuwa imepanda kuliko mara ya kwanza, na sikuwa nimeruka kidonge. Nilifikiri kama unavyofikiri wewe leo, kwamba kitu kikiwa juu kimezidi, na dawa ndiyo inakizidisha. Nilikuwa tayari kuitupa chooni. Daktari akanisikiliza, kisha akasema, "Hapana, mama. TSH haitoki kwa tezi. Inatoka kwa kichwa, inaenda kuamsha tezi."

Nilimwelewa nilipofikiria jinsi mama anavyomwita mtoto akiwa jikoni. Mara ya kwanza anaita kwa upole. Mtoto asipoitika, anapaza sauti. Namba ile ni sauti ya ubongo, mwanangu, na ikiwa juu ni kwa sababu tezi haiitikii na dawa inayofika mwilini haitoshi. Tatizo langu halikuwa dawa kuzidi. Nilikuwa naikosa huku naimeza.

"Unakunywanga na nini?" daktari akauliza.

"Na chai."

"Ya maziwa?"

"Kwetu daktari hakuna ingine."

"Na hizi za kalsiamu?"

"Nazimeza zote pamoja, nisisahau."

Akaweka kalamu chini. Akanieleza kwamba maziwa na kalsiamu huizuia ile dawa tumboni isiingie kwenye damu. Aliniongezea kipimo kidogo kwa sababu ya mimba, lakini akasema hata akiongeza tena na tena, nikiendelea hivyo tutakuwa tunajisumbua. Kidonge kimezwe na maji matupu, tumbo likiwa tupu, kisha ningoje karibu saa nzima kabla ya chai. Kalsiamu ikae mbali, jioni.

Ungedhani nilirudi nyumbani nikicheka. Nilirudi nikiogopa, kwa sababu ya koko yako, mama yake baba yako.

Mimi ni mtoto wa Kitengela, watu wetu walitoka Central, na nilipoolewa kwenye boma la Kimaasai la baba yako sikujua hata kusalimia vizuri. Siku niliyofika, mama mkwe wangu alinipa ng'ombe. Toka siku hiyo hakuniita kwa jina langu wala mimi sikumwita kwa lake. Aliniita Pakiteng, nami nikamwita Pakiteng, kama wanavyoitana watu waliopeana ng'ombe. Maziwa ya ng'ombe huyo ndiyo yaliyotiwa kwenye chai yangu. Aliyakamua mwenyewe, akaipika mwenyewe, akaniletea kitandani kabla sijavaa viatu, hasa baada ya ile mimba kutoka. Kisha alikaa kwenye kigoda akingoja nimalize. Ningemwambiaje kwamba maziwa yake ndiyo yanayomnyima mjukuu wake dawa?

Basi sikumwambia. Kesho yake nilimeza kidonge na ile chai, nikijua. Keshokutwa vivyo hivyo. Nilikuwa nikijishika tumbo chini ya shuka na kukuomba msamaha, halafu namrudishia kikombe kitupu na kumwambia asante.

Asubuhi moja nilishindwa. Nilishika kikombe mpaka chai ikapoa na utando ukatanda juu.

"Pakiteng," akasema, "maziwa imekuwa mbaya?"

Nikamwambia yote, nikilia, kwa Kiswahili kilichovunjika vipande. Nikajua nimemkosea mpaka mwisho.

"Kwa hivyo ulikuwa unajua mtoto anaumia," akasema, "na unanyamaza juu ya kuniogopa mimi?"

Nikaanza kufuta machozi kwa shuka.

"Hiyo ng'ombe nilikupea ndio uzae. Sikukupea ndio unyamaze."

Akakichukua kikombe mkononi mwangu, akainywa ile chai yote yeye mwenyewe, baridi hivyo hivyo, akatoka nje.

Kesho yake alikuja na kikombe kile kile, ndani mna maji. Akakaa kwenye kigoda chake, akanitazama nikimeza. Kwa kuwa hakuwa na haja na saa, aliweka sheria yake: chai ingoje mbuzi watoke, na kalsiamu ingoje ng'ombe warudi. Asubuhi nilikaa nikisikia kengele za mbuzi zikienda mbali, ndipo harufu ya chai ikaingia. Nilipopimwa tena namba ilikuwa imeshuka, na iliyofuata ikashuka zaidi. Lakini sikuacha kuogopa mpaka siku uliyozaliwa ukapiga kelele, na koko akacheka akasema huyu amekuja kuita ng'ombe.

Sasa soma majibu yako pamoja nami. Alama inayoonyesha TSH iko juu haisemi dawa imekuzidi, bali inasema huipati ya kutosha. Linganisha kila namba na kiwango kilichoandikwa kando yake kwenye karatasi hiyo hiyo, usiende kukitafuta kwenye simu, maana maabara hazifanani. Vitamini D yako iko chini, nayo ina tiba, lakini vidonge vyake kama vina kalsiamu visikutane na hiki cha thairoidi. Na kikombe chako cha asubuhi nakijua, mwanangu, kwa sababu ni mimi niliyekuzoeza. Usiache dawa, usijiongezee, usijipunguzie. Nenda kliniki leo hii, umwambie daktari una mimba, umwambie unameza nini na unakimeza na nini, hata vile vidonge unavyomeza kukuza nywele, maana navyo huweza kuvuruga vipimo. Ukimwogopa daktari, au mama mkwe wako, au hata mimi, ongea hivyo hivyo ukiogopa.

Enkai, Mungu wa koko yako, akulinde wewe na huyo aliye tumboni. Akupe usingizi, akupe mtoto wa kupiga kelele, na akupe mtu wa kukuletea maji asubuhi. Koko hayupo tena, kwa hiyo kesho nakuja kwako Kitengela, na kikombe nitakishika mimi. Nipigie ukimaliza kusoma. Simu iko mkononi, na chai yangu imepoa.