Kesi ya Mpiganaji Anayekula Mwereka

Mume wangu ni mlinzi wa geti kwenye ghala la saruji, na mtaa mzima unamwita Afande ingawa hajawahi kuwa askari hata siku moja. Jina alipewa na madereva wa malori kwa jinsi anavyosimama. Anasimama wima, mikono nyuma, hata akiwa jikoni anasubiri chai. Nilimpendea kusimama huko, na ni kusimama huko huko kunakonipandisha hasira.

Wiki moja alirudi kutoka kazini mkono wa kulia unaning'inia. Mwizi wa betri za malori, alipoona ameonekana, alilisukuma geti la chuma kwa nguvu zote ili atoke, na geti likamkuta Afande begani. Alinisimulia huku anacheka, akatia chumvi kwenye kimo cha huyo mwizi, akamalizia kwamba bega ni zima. Kesho yake nikamwona ameshika kikombe kwa mkono wa kushoto. Usiku akalala na shati la kazi, eti kuna baridi.

"Twende hospitali," nikamwambia.

"Nimelilalia vibaya tu, mama watoto. Na usimwambie binti."

Nikarudia, akajifanya hamnazo. Najua anachoogopa. Mwenzake wa zamu ya usiku aliomba ruhusa akatibiwe mgongo, na aliporudi akakuta kiti chake kimekaliwa na mtu mwingine. Afande anaona afadhali aumie kimyakimya kuliko kupoteza lile geti. Mimi naona mkono ukishakufa, geti atalifungua kwa meno.

Jumamosi mchana binti yetu na mumewe huja kutazama tamthilia. Mkwe ni fundi simu, na yeye ndiye anayeileta kwenye flashi. Ni tamthilia ya chombo kinachozunguka huko angani, chenye nahodha wa maneno mengi, daktari mwenye taa ya bluu inayoponya kila kitu, na mpiganaji mmoja wa sayari ya mbali mwenye kifua kama kabati. Huyo mpiganaji ndiye ugomvi wa nyumba yetu. Akishauri wapigane, nahodha anamkatalia. Adui akiingia, yeye ndiye wa kwanza kurushwa ukutani.

Kwetu tamthilia ikiisha hatuzimi tu tukaondoka. Tunaendesha kesi. Tulianza binti akiwa mdogo, tulipochoka kumbembeleza kila alipowalilia watu wa kwenye televisheni. Mmoja anashtaki, mmoja anatetea, na hakimu ni mimi, nyundo yangu ikiwa mwiko wa kusongea. Mwiko ukishagonga meza hakuna rufaa. Mkwe alipokuja kujitambulisha mara ya kwanza alihukumiwa kuosha vyombo, na akaviosha vyote na masufuria.

Jumamosi ile mshtakiwa alikuwa mwandishi wa tamthilia. Mkwe akasimama, akajikohoza.

"Mheshimiwa hakimu, huyu mwandishi kamwandika mpiganaji vibaya. Tunaambiwa huko kwao anaogopwa, lakini sisi tunamwona anakula mwereka tu. Anapigwa ili tujue adui ana nguvu, basi, kazi yake imeisha. Leo karushwa na kabibi kenye fimbo."

Binti akavunjika mbavu. Hata mimi nilicheka, na hakimu hapaswi kucheka.

Afande akainuka kutetea. Mkono mmoja ulikwenda nyuma kama kawaida, wa pili ukabaki pale ulipokuwa.

"Mkwe, kuanguka si kosa la mwandishi. Anayekaa mlangoni ndiye anayepigwa kwanza. Nahodha naye akakae pale tumwone."

Mkwe akaketi. Afande angeketi hapo angeshinda kesi. Lakini mume wangu akishasikilizwa hajui kushuka jukwaani.

"Ila kuna jambo moja simtetei huyo mwandishi," akaendelea. "Nahodha akijikata kidole, daktari huyo, mbio na taa yake. Mpishi akiumwa tumbo, taa. Huyu mpiganaji anabamizwa ukutani kila siku, nani amewahi kumwona kwenye kitanda cha daktari? Anajikung'uta, anarudi mlangoni. Hakuna hata anayemuuliza, mwenzetu, umeumia? Kwani yeye hana mabega? Huo si ushujaa. Mwandishi kamsahau."

Binti alinitazama mimi, kisha akautazama mkono wa baba yake. Niliona uchungu, na papo hapo nikaona nafasi yangu. Nikagonga meza.

"Kwa kuanguka, mwandishi hana hatia. Kwa kumnyima mtu wa mlangoni daktari, ana hatia. Mahakama inaamuru mpiganaji apelekwe hospitali Jumatatu asubuhi, kabla hajarudi kazini."

"Haki kabisa," akasema Afande, ameridhika. Kisha akagundua kwamba namtazama yeye.

"Na atasindikizwa na hakimu," nikaongeza.

"Mama watoto, hii ni kesi ya tamthilia."

"Mwiko umeshagonga."

Akamgeukia mkwe, kama anatafuta shahidi. Mkwe wangu ni mwepesi wa kuelewa, Mungu ambariki.

"Mzee, Jumatatu nitakwenda mimi ghalani. Nitaongea na msimamizi, halafu nakaa kwenye kiti chako mpaka urudi. Simu za kutengeneza hata pale getini zinafunguka."

"Malori yanaingia kuanzia alfajiri," Afande akasema.

"Basi nitakuwa pale alfajiri."

Afande akabaki amesimama katikati ya sebule. Binti akamsogezea kiti. Baba yake akakiangalia kwanza, ndipo akaketi taratibu. Akaanza kuhangaika na kola ya shati kwa mkono wa kushoto, akashindwa, akauacha mkono uanguke mapajani.

"Njoo unifungue hivi vifungo," akaniambia. "Mwenyewe siwezi."