Aliyejitambulisha kwa Kinywa Chake

Shemeji yake alimvunja meno mawili ya mbele kwa kijiko cha kupakulia, saa nane mchana, wageni wakiangalia, na mume wake wa ndoa ndiye aliyemshika mikono. Hilo litangulie, maana mtaani linasimuliwa vingine: kwamba aliteleza bafuni.

Walimwita Mama Matumbo. Jina alilipata machinjioni, alikoosha matumbo ya ng'ombe kwa miaka kumi na tisa. Darasa hakulijua, lakini kisu alikijua. Alipasua tumbo kwa mkato mmoja, akamwaga majani yaliyosagika mferejini, akaligeuza ndani nje kama soksi, akalipiga maji ya mpira hadi likawa jeupe. Siku za ng'ombe wengi damu iliingia kwenye buti zake kwa juu, akarudi nyumbani vidole vimenata. Nyama alikula kama watu wote, na kwenye ibada aliimba kwa sauti ya kutoboa bati.

Kisha siku moja mchinjaji akamtupia mfuko wa uzazi mezani. Alikuwa amechinja ng'ombe mwenye mimba pevu na alitaka kuuficha kabla mkaguzi hajafika. Mama Matumbo akaupasua, na ndama aliyekuwa ndani akakunja mguu.

"Mbona huyu yu hai?" akauliza.

"Atakufa tu. Msukumie mferejini," mchinjaji akasema, akawasha sigara.

Mama Matumbo akapiga magoti kwenye maji machafu, akaomba. Hakuomba ndama apone, kwa kuwa hakuwa mjinga. Aliomba afe upesi, basi. Mchinjaji akamaliza sigara, akawasha nyingine, na ndama bado alikuwa akifungua na kufunga mdomo kama anayetafuta chuchu. Mwishowe Mama Matumbo alimmaliza mwenyewe, kwa kisu kilekile cha matumbo.

Hakumkasirikia Mungu. Alijiona kama mtu aliyegonga mlango wa nyumba miaka arobaini, halafu akachungulia dirishani na kukuta hata kitanda hakimo. Wiki iliyofuata aliacha kazi, akapata nyingine ya kufua mashuka hospitalini. Tangu hapo hakuomba tena, na hakula nyama, samaki, mayai, maziwa wala asali. Viatu vya ngozi alivigawa, akabaki na ndala.

Mume alidhani ni wazimu wa kupita. Ulipokataa kupita, alikaa na mdogo wake wakatunga la kuwaambia watu. Huyo mdogo mtu ndiye shemeji; alikuwa na duka la nyama, na wote walimwita Bucha. Walikubaliana kwamba mwanamke ana vidonda vya tumbo, daktari amemkataza vyakula, na koo limeharibika kwa baridi ya machinjioni, ndiyo maana haombi wala haimbi. Miaka sita Mama Matumbo alimeza uongo huo. Aliumeza kwa ajili ya binti yake, aliyekuwa anasoma na baadaye akapata mchumba.

Wakwe wakaja Jumamosi. Sebule ilijaa, viti vikaazimwa kwa jirani, na Bucha akaleta mbavu na maini sinia zima. Mume akasimama kutambulisha watu wake, mmoja mmoja. Alipofika kwa mke akasema, "Huyu ndiye mama watoto. Ana vidonda vya tumbo, na koo lake si zima, kwa hiyo mtamsamehe."

Mama wa kijana, nesi mstaafu mwenye miwani mizito, akacheka kwa upole. "Baba mkwe, kwetu hakuna anayetambulishwa na mwingine. Kila mtu hujisemea. Hata mume wangu hapa, na alivyo mwoga, atasimama." Wageni wakacheka. "Haya dada yangu, simama tukujue. Na hivyo vidonda, unatumia dawa gani? Nimewauguza wengi."

Binti akamtazama mama yake kwa macho ya kuomba. Mama Matumbo aliyaona. Aliona pia kwamba akimtajia nesi dawa ya uongo, atatakiwa kutaja nyingine kesho, na kesho kutwa, hadi azikwe na ugonjwa asiokuwa nao. Akasimama.

"Mimi ni mama yake bibi harusi," akasema. "Nafua mashuka hospitalini. Kusoma sijui. Vidonda sina, na koo langu ni zima. Siombi kwa sababu siamini kwamba kuna Mungu. Sili mnyama, wala kinachotoka kwa mnyama, kwa sababu nimewaua na najua wanavyokufa. Simkatazi mtu sahani yake. Mwanangu nimemlea asiibe na asiseme uongo, na kwa hilo la pili leo ninaona aibu. Karibuni."

Baba wa kijana akatazama viatu vyake.

"Kaa chini," mume akanong'ona.

Bucha ndiye aliyeinuka. "Umewaua, eh? Na mimi ninayeuza? Mimi nani, muuaji? Nyama yangu imewalisha wanao humu ndani!"

"Sijakutaja, shemeji."

"Utakula leo. Kaka, mshike. Akila kipande kimoja mbele ya wakwe, yataisha."

Na mume akamshika. Hilo ndilo Mama Matumbo hakulitarajia. Alimpitia kwa nyuma, akamkunja mikono yote miwili mgongoni, kidevu chake begani kwa mkewe, akimwambia sikioni, "Kula tu, mama watoto, kula yaishe." Bucha akamshika taya, akamsukumia ini mdomoni kwa kijiko kikubwa cha chuma. Alifunga meno. Bucha akageuza kijiko, akapiga kwa mpini. Mara ya kwanza mdomo ukapasuka. Mara ya tatu meno mawili yakaingia ndani, na damu ikamwagika hadi kwenye wali.

Bucha akatia kidole ili ampanue. Mama Matumbo akauma hadi akasikia mfupa. Nyama pekee iliyopita kwenye meno yake kwa miaka sita ilikuwa ya kidole cha shemeji, na aliitema.

"Mwachieni! Nyie ni watu au nini?" nesi akapiga kelele, akamtwanga Bucha chupa ya chai kisogoni.

"Mke wangu, hayo ni ya nyumba ya watu," baba wa kijana akasema, bila kuinuka.

Binti alichukua kitambaa akaanza kufuta zulia.

Hospitalini mume alimwambia daktari kwamba mkewe ameteleza bafuni. Kwenye kituo cha polisi, alikokwenda Mama Matumbo akiwa na uso kama boga, askari alitaka shahidi. Akaitwa binti. "Aliteleza, afande," akasema, yakaandikwa, na wino ukakauka. Nesi alikuwa tayari kusema aliyoyaona, lakini mumewe akamwambia akithubutu, harusi hakuna. Harusi ikafungwa. Bucha alikaa meza ya mbele, kidole kimefungwa bandeji, watu wakimpa pole.

Mama Matumbo sasa anakaa chumba cha kupanga nyuma ya hospitali. Binti humpigia simu, huongea habari za hali ya hewa, na hukata mapema.

Kwa Bucha hatafuti kitu; kule hakuna wa kulipa. Binti anadaiwa safari moja ya kituoni, mchana, akafute neno la bafuni kwa kinywa kilekile kilicholisema. Na mume anadaiwa kusimama mbele ya wakwe walewale, wote wakiwapo, ajitambulishe yeye sasa: kwamba ni mume, kwamba mkewe alisema kweli, na kwamba mikono iliyomshika ilikuwa yake. Imepita miaka miwili na hakuna hata mmoja aliyekwenda.