Kipira cha Kandambili

Juzi dukani niliona kipira cha tangi la choo, kidogo kama kifungo cha koti, nikapandwa na hasira za zamani.

Kwenye nyumba tuliyopanga Morogoro, tangi la choo lilivuja kutwa kucha. Mchana mmoja mwenye nyumba akaja, akanusa ukungu wa ukutani, akatufokea sisi watoto: "Mnachezea tangi! Mnamaliza maji ya mlimani!" Kumbe kipira kilikuwa kimechakaa tu, lakini mimi nilimwamini. Nikakaa uani nikiitazama milima ya Uluguru, nikisubiri ikauke kwa sababu yangu.

Mama hakuwa na hela ya fundi. Alifunga koki, akavua kandambili yake, akaikata kisigino kwa wembe, akachonga kipira na kukibana ndani ya tangi. Matone yakanyamaza. Mikono yake ilinuka kutu.

Jioni mwenye nyumba akarudi, akatega sikio. "Mmeona? Nimewafokea, limeacha kuvuja!"

Mama alikuwa jikoni, kisigino kimoja kikikanyaga saruji tupu. Nami, bado nikimwamini, nikamwambia yule mzee, "Asante kwa kuuokoa mlima."

Akanipapasa kichwa, akaipokea. Asante iliyomstahili mama yangu!