Sauti ya Shangazi Iko Kwenye Simu Yangu, na Wenyewe Wanaiulizia

Habari admin. Nifichie jina, na jina la marehemu nitakayemzungumzia pia usiniulize, sababu nitaieleza. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na sita, Mkenya wa magharibi, naishi peke yangu Merrylands hapa Sydney. Sina mume wala mtoto, na kabla hamjaanza kuniombea, hilo silo lililonileta hapa.

Nafanya kazi ya utafiti kule hospitali ya Westmead. Tunazungumza na wazee Waaborijini, wenyeji wa asili wa nchi hii, kuhusu ugonjwa wa sukari, na maongezi tunayarekodi. Lakini hatuokoti watu tu barabarani. Kuna kamati ya wazee wao wenyewe. Hatuulizi swali lolote kabla hawajalipitisha, na kila tunachorekodi ni mali yao, wakikitaka wanakichukua. Mwanzoni niliona wanatuchelewesha bure, na nililalamika sana pale kazini.

Siku ya kwanza mbele ya kamati nilijitambulisha kwa jina na digrii zangu. Mama mmoja mzee akanikatiza. Akasema hakuuliza nimesoma nini, ameuliza watu wangu ni akina nani. Kwetu hilo ndilo swali la kwanza kabla hata hujapewa kiti, na tangu nije Sydney hakuna aliyewahi kuniuliza. Basi nikamtajia ukoo wangu, kijiji, mto ulio chini ya boma letu na nyanya niliyerithi jina lake. Akaitikia kwa kichwa, akasema, "Sasa nakujua." Kwao mama mzee huitwa Aunty, nami nikawa namwita Shangazi. Alilipenda hilo neno, ingawa alilitamka vibaya mpaka mwisho.

Tukazoeana nje ya kazi. Alikuwa akinitumia ujumbe wa sauti kwenye simu, kuniuliza nimekula nini, kunigombeza kwa kufanya kazi Jumapili, au kunisimulia tu habari za ndege anayemsumbua dirishani. Mama yangu alipofariki nilishindwa kusafiri. Nilitazama mazishi kwenye simu nikiwa nimekaa kitandani. Watu wa kanisa walinitumia vijipicha vya mishumaa, Mungu awabariki. Shangazi alipanda treni kutoka kwake Liverpool, mtaa wa hapa hapa Sydney, na magoti yake mabovu, akaja akaketi kando yangu. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Mimi nilimpata mmoja tu katika mji huu mzima.

Majuzi Shangazi naye amefariki. Nikafanya ambalo Mkenya yeyote angefanya. Niliweka picha yake kwenye status, jina lake kamili, mshumaa, na maneno ya kumtakia pumziko jema. Kwetu ukimpenda aliyekufa unamtaja, na mtoto anayezaliwa baadaye anapewa jina lake. Ukimnyamazia, watu watasema mlikuwa na ugomvi.

Binti yake alinipigia simu. Hakunifokea, na afadhali angefoka. Akanieleza taratibu kwamba katika familia yao jina la marehemu, sura yake na sauti yake hupumzishwa mpaka wenyewe waseme. Akaniomba niitoe ile picha. Niliitoa huku nikilia kwa aibu na kwa uchungu, maana niliona kama nanyang'anywa hata ruhusa ya kumlilia. Wahenga walisema mwacha mila ni mtumwa, lakini hawakutuambia la kufanya mila mbili zikikutana kwenye msiba mmoja.

Wiki iliyofuata kamati ilikutana nasi. Wakaomba maongezi yote tuliyorekodi na Shangazi yarudi kwa familia, na mkubwa wangu akayarudisha bila ubishi. Ndipo binti yake, aliyekuja pamoja na kamati, akauliza kama kuna mtu mwingine mwenye sauti ya mama yake popote. Nilitazama kikombe changu. Hakuwa akinishuku. Akaendelea tu kuongea, kwa sauti ya kawaida kabisa.

"Walikuja watu zamani wakachukua picha zetu, sauti zetu, hata mifupa ya wazee wetu, wakaifungia kwenye makabati yao huko mbali. Na wengi wao walisema wanatupenda."

Hayo maneno hayajanitoka hadi leo. Nimemweleza rafiki yangu, nesi Mkenya mwenzangu, akanicheka. "Wewe nawe. Hiyo si data. Alikutumia wewe, na hakuna mtu atajua." Ni kweli hakuna atakayejua. Hapo ndipo ninapokosa usingizi.

Nikizitoa hizo sauti, hapa nyumbani nitabaki na mlio wa friji. Nilizoea kupika huku nikimsikiliza, nikimjibu kwa Kiluhya kama vile yupo. Sasa sizifungui, lakini najua zipo, na hilo tu linanisaidia kuingia ndani na kufunga mlango.

Kuna moja sijaisikiliza kabisa. Ilifika siku aliyofariki, nikiwa kazini. Nikasema nitaisikiliza nikifika nyumbani, nipate nafasi ya kumjibu vizuri. Habari za kifo zikanikuta njiani. Sijui alitaka kuniambia nini. Labda alikuwa anauliza tu nimekula nini.

Alhamisi binti yake amenialika kwao Liverpool. Amesema mama yake alinihesabu mtoto, kwa hiyo nije tule pamoja. Ninyi mliofiwa mkiwa mbali na kwenu, nisaidieni mawazo, na msinionee haya. Niiweke simu mezani mbele yake, ule ujumbe wa mwisho ukiwa bado haujafunguliwa, nimwambie kila kitu? Au niketi nile chakula chao huku sauti ya mama yao iko mfukoni mwangu?